Slaisi sita za mwembe, na moja tu ndo haikupasuka

Picha ilikuja saa mbili usiku bila maneno, ikafuata nyingine, alafu voisi ya mteja wangu: "Kaka habari za saa hizi, samahani nakusumbua usiku, hivi hivi vitu vyako ndo vinavyokuaga hivi au mimi ndo nimekosea kitu?" Nikazikuza picha. Slaisi ya kwanza ina ufa kuanzia kwenye gome mpaka katikati kabisa, umefunguka kama keki iliyotolewa kipande kimoja. Ya pili hivohivo. Ya tatu ndo ile niliyoifunga saa, ufa umepita kwenye tundu la katikati, mbao imejipinda mpaka mshale wa dakika umegota na saa imesimama tangu mchana. Nikakaa kitandani naangalia simu, sina cha kumjibu.

Naandika kisa chote kwasababu hizi slaisi za magogo za kupamba ukuta zinaonekana ndo kitu rahisi kuliko vyote, yani unakata gogo, unapiga msasa, unapaka vanishi, unatundika. Na kweli kutengeneza ni rahisi. Shida ni kwamba siku unayomkabidhi mteja kazi bado haijaanza kujiharibu, kwaio unaondoka umefurahi na hela yako mfukoni.

Sa ilikua hivi. Jirani yangu hapa Tabata aliangusha mwembe mwezi wa nne, katikati ya masika, mti ulikua umelalia bati lake na kila upepo ukivuma hawalali. Nikaomba gogo, akanambia chukua hata mawili mradi uniondolee. Jamaa wa chensoo nikampa elfu 15 akanikatia slaisi za unene wa sentimita 3, upana zinacheza kati ya sentimita 26 na 31, magome yamebaki pembeni kama yalivyo kwasababu ndo urembo wenyewe. Gogo lililobaki nikaliacha chini ya kibanda, vichwa vyake nikavipaka rangi ya mafuta iliyokua imebaki kwenye kopo, sikua na sababu ya maana, niliona tu inatupwa. Kumbe hicho ndo kitu pekee cha akili nilichofanya mwezi ule.

Slaisi nikaziegemeza ukutani barazani kwenye kivuli wiki tatu. Ukigusa kavu kabisa. Nikaanza msasa, namba 80, 120, nikamalizia na 240, na hapa kuna ishara nilipewa nikaipuuza: karatasi ya msasa ilikua inajaa haraka sana, vumbi halipepei, linaganda kwenye karatasi kama uji. Mbao kavu inatoa vumbi linaloruka mpaka unapiga chafya. Mimi nikalaumu msasa, nikasema hizi za bei rahisi bana, nikaenda kununua wa bei kidogo, nao ukaganda vilevile, nikaendelea.

Sila (ile ya kuziba vijitundu vya mbao kabla ya vanishi) mikono miwili, yani nimepaka mara mbili, vanishi mikono miwili, upande wa mbele tu, maana nyuma nani anaona. Kwenye ile moja nikachimba kishimo nyuma kwa patasi cha kukaa mashine ya saa, zile za betri moja ambazo mraba wake ni kama milimita 56 kwa 56, nikatoboa tundu la mhimili katikati, nikafunga mishale. Mteja, dada mmoja wa Kimara, akalipa laki moja na elfu 80 kwa zote sita. Nikaenda mwenyewe kutundika, drili, plagi za plastiki, skrubu, tano sebuleni juu ya kochi, moja haikupata nafasi tukaiweka koridoni kuelekea jikoni. Ukuta ulipendeza kiukweli. Alipiga picha akaweka status, nikapata oda mbili palepale (nashukuru Mungu sikua nimezianza).

Siku 17 baadae ndo zile picha.

Kesho yake nikaenda. Njiani nshapanga utetezi, kwanza nilitaka kusema ni kiyoyozi chake, alafu nikafikiria kusema mwembe ndo asili yake. Sasa nilipofika nikakuta kitu kilichoninyamazisha. Tano za sebuleni zote zimepasuka, kila moja ufa mmoja mkubwa, nikapima kwa rula pale kwenye gome, mdogo milimita 9, mkubwa milimita 13. Ya koridoni nzima kama nilivyoileta. Gogo lilelile, chensoo ileile, siku ileile, vanishi ileile. Sebuleni kiyoyozi kinawaka kutwa kwasababu ana mtoto mchanga na joto la kule mnalijua, koridoni hakuna.

Kwaio kiyoyozi kimehusika, nilikua sahihi nusu. Ila kama kosa ni la kiyoyozi, mbona kochi lake la mninga liko palepale miaka na halina hata mkwaruzo? Hili swali ndo lilinipeleka Keko.

Pale Keko kuna mzee namfahamu, fundi wa makabati, nikampelekea mbili, moja iliyopasuka na ile ya koridoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umekuja na vifuniko vya mitungi?" Akaichukua ile nzima, akaigeuza upande usio na vanishi, akaiweka shavuni. Kimya kidogo. Akachukua kipande cha ubao kilichokaa dukani kwake muda mrefu akaniwekea mimi shavuni, alafu akaniwekea slaisi yangu. Ya kwangu ya baridi. Tofauti yenyewe inaonekana wazi, ni kama kugusa mtungi na kugusa meza. Akagonga zote mbili kwa kifundo cha kidole, ubao wake unalia ko, slaisi yangu inalia du. Akanambia "Hii bado ina maji. Umemvalisha mtoto nguo hujamfuta."

Nikarudi home nataka namba, maana shavu sio kipimo cha kumwelezea mteja. Nikakata kipande kwenye lile gogo la kibandani, ndani kabisa, nikakipima kwenye mizani ya keki ya mke wangu: gramu 412. Nikakiweka kwenye oveni, moto wa nyuzi 100 na kidogo, nikawa nakitoa kila baada ya masaa kadhaa nakipima mpaka uzito ukagoma kushuka, gramu 285. Zilizopotea 127 ni maji matupu. Mafundi wanagawanya maji kwa uzito wa mbao kavu, kwaio 127 kwa 285 unapata karibu asilimia 45. Hilo ni gogo. Nikachukua sasa slaisi ya saba, niliikataga siku moja na zile za Kimara na ilikaa nazo barazani, nikaipasua kipande mara tu ilipofikisha umri wa zile nilizopeleka, hapana, naongea uongo, nilikipima baadae kidogo kuliko hapo, kwaio siku ya kukabidhi hali ilikua mbaya zaidi ya hii: gramu 330 ikashuka mpaka 265. Karibu asilimia 25.

Sasa hapa ndo kiini cha kisa chote na naomba mnielewe. Maji kwenye mbao yako sehemu mbili, kuna yale yanayojaa ndani ya vijitundu kama maji kwenye mrija, na kuna yale yaliyonywewa na kuta zenyewe za vijitundu. Mti ukikatwa yanaanza kutoka yale ya ndani ya mrija, na yakitoka hayo mbao inapungua uzito tu, haisinyai. Yakiisha, kwenye asilimia 28 au 30 hivi, ndo kuta zinaanza kutoa maji yao, na hapo ndo mbao inaanza kusinyaa. Mimi nimekabidhi kazi kwenye 25 na zaidi. Yani kati ya kusinyaa kote ambako slaisi ile ilitakiwa kusinyaa maishani, ilikua imemaliza kipande kidogo sana. Ndo maana ilikua nzuri! Haikua nzuri kwasababu imekauka vizuri, ilikua nzuri kwasababu kukauka kwenyewe kulikua hakujafika.

Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, mbao ikiachwa kivulini hapa inatulia kwenye asilimia 14 au 15 hivi haishuki zaidi. Chumba cha kiyoyozi hewa imekaushwa, mbao inashuka mpaka kwenye 10. Kwaio slaisi zangu zimetoka 25 na kuvutwa kuelekea 10 ndani ya wiki mbili na ushee, tena zinakaukia mgongoni tu maana mbele nimeziba kwa vanishi. Lile kochi la mninga lilishakauka kabla halijatengenezwa, halina cha kupoteza.

Alafu kwanini ufa unakua mmoja na uwe kama kipande cha keki? Mbao haisinyai sawa pande zote. Kwa kuufuata mviringo wa pete (zile duara za ukuaji wa mti) inasinyaa kama mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Chukua mfano, slaisi ya upana wa sentimita 30, mzunguko wake ni kama sentimita 94. Tuseme mviringo unataka kupungua asilimia 6 na upana unapungua 3. Mviringo unataka kua mfupi kuliko upana unavyoruhusu, ni kama mkanda unaoingia maji ukasinyaa huku tumbo liko palepale. Ile tofauti ya asilimia 3 kwenye sentimita 94 ni sentimita karibu 3 nzima mpaka mbao iishe maji kabisa, sasa kwa mwendo wa kutoka 25 mpaka 10 ni nusu yake. Sentimita moja na nusu hivi lazima ipatikane mahali. Mbao inanyooka kidogo, inavumilia, alafu inaachia sehemu moja iliyo dhaifu, na ikishaachia hapo pengine kote kunapumua. Nyufa zangu milimita 9 mpaka 13. Hesabu ikakaa.

Hii ikanifanya nifikirie vinu na ngoma. Ni magogo mazima ya duara, mbona havifunguki kama keki? Vinapasuka pia, ukianika kinu juani utaona, lakini anaechonga kinu au ngoma ameshatoa moyo wa mti, amebakiza ukuta tu, na ukuta ukitaka kusinyaa unasinyaa kwenda ndani, hakuna kitu katikati cha kuuzuia. Slaisi ina moyo wake katikati unasema hapa hapitiki. Babu zetu hawakuandika hesabu ila walishaimaliza.

Na kulikua na tatizo la pili nililiona palepale Kimara, chini ya slaisi mbili kwenye sakafu kuna unga kama sembe. Fukusi. Mwembe ni mbao yenye wanga mwingi, haina uchungu wala harufu ya kufukuza wadudu, na mimi nimewaachia na gome kabisa ambalo ndo nyumba yao. Watu wengi dawa yao ni oili chafu na dizeli. Kwa nguzo za uzio sawa, ila huwezi kumtundikia mtu dizeli sebuleni juu ya kochi na mtoto mchanga yupo.

Nikampigia. Nikamwambia ukweli, dada kosa ni langu, nilikuletea mbao mbichi, nakurudishia hela yako. Nilitegemea atapoa. Akanambia "Kaka mi sitaki hela, nataka ukuta wangu." Nikamwambia basi itachukua miezi mitatu. Akacheka, akasema tundu za skrubu zipo hazijaenda popote. Nilimrudishia elfu 90 hata hivyo, alikataa nikamtumia tu.

Raundi ya pili nikatumia gogo lilelile la kibandani, na hapa ile rangi ya mafuta kwenye vichwa ikanilipa, maana maji ya gogo yanatokea vichwani kuliko ubavuni, bila kuziba gogo lingekua limeshapasuka lenyewe. Magome nikayabandua yote. Roho iliniuma, gome ni nusu ya urembo, ila siku zote lilikua linaenda kubanduka mbao ikisinyaa, na fukusi wanakaa hapohapo.

Kitu kikubwa kilikua hiki: siku hiyohiyo ya kukata, kabla slaisi haijapata hata joto, nilichukua msumeno wa mkono nikapasua kila slaisi mstari mmoja mnyoofu kutoka ukingoni mpaka kwenye kiini. Yani nimeipasua mimi kabla haijajipasua, pale ninapotaka mimi. Mke wangu alinikuta akaniuliza si ndo kitu ulichorudishiwa hicho?

Baada ya hapo dawa ya fukusi. Boraksi gramu 60 na asidi ya boriki gramu 40 kwa lita moja ya maji ya moto, nikazipaka mbichi hivohivo pande zote mara mbili mara tatu kisha nikazifunika na nailoni siku mbili. Asidi ya boriki ndo ile poda ambayo mara nyingi wacheza keramu wanamwaga ubaoni, kwaio sio kitu cha ajabu, ila vaa glavu, watoto wasisogee, na usiipake kitu cha kuwekea chakula. Watu wanakosea wanasubiri mbao ikauke ndo wapake, wakati dawa hii inasafiri kwenye maji, mbao mbichi inaivuta yenyewe mpaka ndani. Kasoro yake inaoshwa na mvua, ndani ya nyumba hakuna mvua.

Kukausha sina mengi: kivulini, zimelala, kati ya slaisi na slaisi vijiti vya unene mmoja hewa ipite pande zote, jiwe juu. Kila jumamosi napima moja niliyoiwekea alama. Ilianza gramu 1,390. Mwezi wa kwanza inashuka kwa fujo, baadae inasuasua, wiki ya tisa na ya kumi ikasimama kwenye 1,100. Ile mistari ya msumeno ambayo mwanzo haipiti hata kadi ya benki ilikua imefunguka yenyewe kama v, milimita 10 hivi ukingoni. Hakuna ufa mwingine hata mmoja kwenye slaisi sita, zilipata pa kupumulia.

Kwa akili ya zamani hapo ningepaka vanishi. Safari hii nikampelekea yule dada zikiwa tupu, nikamuomba azilaze nyuma ya kochi wiki mbili, kiyoyozi kinawaka kama kawaida. Alikubali ingawa shemeji aliuliza kama sasa nyumba imekua karakana. Zikashuka mpaka gramu 1,060, ni kama asilimia 10 kwa hesabu yangu, na zile v zikaongezeka mpaka milimita 12 na 14. Fikiria hizo gramu 40 zingetoka baada ya kazi kwisha.

Hapo ndo nikachukua, nikanyoosha kingo za v kwa msumeno na patasi, nikachonga kabari za mninga kutoka vipande vya kutupa vya yule mzee wa Keko, gundi ya mbao, nikazikaza kwa kamba ya mpira ya tairi siku nzima. Mwembe ni mweupe unaenda njano, mninga mwekundu wa kahawia, ukipiga msasa (na safari hii vumbi linaruka mpaka puani) ile kabari inatokea kama mshale. Sila na vanishi mbele na nyuma, idadi sawa ya mikono, hii sio urembo, ukipaka upande mmoja mbao inanywa na kutema unyevu upande mmoja na inajikunja kama chapati.

Saa sikuiweka kwenye slaisi tena. Kile kishimo cha nyuma kinaacha ukuta mwembamba katikati, mahali palepale ambapo nguvu zote zinavutana, na mshale wa saa hauvumilii hata milimita mbili za mbao kunyanyuka. Nilitengeneza ya saa kwa mbao za msindano (paini) tatu zilizoungwa ubavu kwa ubavu alafu nikakata duara, hakuna kiini humo ndani, inatembea mpaka leo. Wala haikuwahi kupendeza kama slaisi, nakubali.

Wakati wa kutundika yule dada ndo alileta wazo ambalo mimi nisingelipata. Nilitaka kuelekeza kabari zote chini, zifichike. Akasema hapana, zigeuze zote zielekee katikati, kwenye saa. Tukazizungusha moja moja, kabari sita nyekundu zinaangalia saa kama miale. Ufa ulioniaibisha ndo umekua kitu wageni wanauliza.

Faida hamna, nitakua mkweli. Elfu 90 iliyobaki imekwenda kwenye boraksi, msasa, nauli za Kimara mara tano na mashine mpya ya saa. Zile oda mbili za status mmoja hakusubiri miezi mitatu, mwingine kasubiri.

Ile slaisi ya koridoni, nzima, alinirudishia na wenzake. Nimeitundika chumbani kwangu kwenye feni tu, nilifuta vanishi yake yote na bado naipima kila jumamosi, imefika gramu 1,118 na inashuka pole pole. Wiki iliyopita nimeona nyuma karibu na kiini kuna mstari mwembamba kama unywele, urefu kama kucha. Nimeuzungushia penseli nikaandika tarehe.